Bi Maana Alivyomuua Mkwewe

Baba yangu alikufa Alhamisi asubuhi, kwa meseji. Nilikuwa kaunta, namhudumia mama mmoja mwenye haraka zake, simu ikatetemeka mfukoni. Nikaichungulia chini ya meza, maana bosi hapendi tushike simu kazini. "Tunatoa pole kwa familia kwa kuondokewa na mpendwa wenu," halafu jina kamili la baba yangu mzazi, halafu "tafadhali fika ofisini kwetu na cheti cha kifo." Na aliyetuma ni nani? Ni sisi wenyewe! Ofisi yangu, mfuko wa pensheni ninaoufanyia kazi, ndio unanipa pole ya msiba nisioujua.

Watu wanasema nilipiga yowe. Waongo hao. Nilichofanya ni kupiga simu nyumbani. Ikaita, ikaita, kisha ikapokelewa na marehemu mwenyewe.

"Nini?" akasema. Baba hapokei simu kwa salamu, anapokea kwa kugomba.

"Baba, uko hai?"

"Kwani ulitaka niwe wapi?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja, yule mama akadhani nimerukwa na akili. Hata machozi sijayafuta, na simu yake ikalia. Akasoma, akashika kifua. Mumewe alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yake, anapiga miayo.

Haikufika saa sita ukumbi ukajaa wafiwa waliofuatana na wafu wao. Wazee wanagonga kaunta kwa fimbo, "Nani ameniua? Aje aniambie usoni!" Wengine wanacheka mpaka wanakohoa. Lakini aliletwa bibi mmoja ameshikwa huku na huku, mumewe alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Bibi yule alikaa pale kwenye benchi analia kimyakimya hadi alasiri, mzee alipopatikana. Kwa huyo hakuna aliyecheka.

Sasa niwaeleze habari za wifi yangu, maana bila yeye hakuna kisa.

Kaka yangu alituletea mke mwembamba, msafi kupita kiasi, anayekunja hata mifuko ya plastiki. Ofisini tuko naye jengo moja, mimi chini kaunta, yeye juu kwa wenye kompyuta kubwa. Huko wanamwita Bi Maana. Kaka akitaka kumchokoza humwambia, "Wewe mke, huna maana." Naye hujibu, "Ninazo za kukugawia." Kazi yake inaitwa metadata. Nilipolisikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa.

Kumbe ni data inayoeleza data. Ofisi yetu ina mfumo mkubwa wa uchambuzi, ndani yake majedwali mamia kwa mamia, kila jedwali na safu zake. Mafundi wa zamani walioujenga walikuwa mabahili wa herufi. Badala ya kuandika neno, waliandika herufi moja wakaenda zao. Sasa bosi akitaka ripoti, atajuaje K ni nini na M ni nini? Hapo ndipo anapoingia wifi. Kila safu anaibandikia lebo: jina lake kamili, maana yake, nani mwenye nayo, nani asiione. Ni kama makopo ya jikoni tu. Chumvi nyeupe, sukari nyeupe, lebo ndiyo inayookoa chai.

Kwa muda mrefu aliifanya kazi hiyo kwa mkono. Fungua safu, andika, hifadhi, fungua nyingine. Alikuwa anarudi nyumbani vidole vimekakamaa, hata kijiko anakishika kwa tabu. Kisha akaandika skripti, yaani programu ndogo inayoingia yenyewe kwenye mfumo, inapita jedwali kwa jedwali, inabandika lebo bila mkono wa mtu. Kazi ya miezi ikawa kazi ya kikombe kimoja cha chai. Jumatano ile alitutangazia mezani shingo imenyooka, na baba, ambaye maisha yake yote alisoma mita za maji za watu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa majirani baba humsifia yeye: "Mkwe wangu anajua maana ya kila kitu." Mimi, bintiye wa kunizaa, eti "yule anakaa pale mlangoni." Haya.

Kosa lenyewe ni dogo, hata linatia hasira. Kuna safu inaitwa HALI, nayo iko kwenye majedwali mawili. Kwenye jedwali la mirathi, H ni hai na M ni marehemu. Kwenye jedwali la wanachama, K ni kazini na M ni mstaafu. Skripti ya wifi ilitazama jina la safu tu, haikuuliza safu hiyo ni ya jedwali gani. Ni sawa na kumkabidhi mtu mzigo kwa kuwa jina limefanana, bila kuuliza nyumba. Aliijaribu kwenye mirathi, ikafanya vizuri, akaiachia mfumo mzima. Kila M ikawa marehemu. Wastaafu wetu wote walikufa wakati sisi tunakula chakula cha jioni, baba akiwemo, naye anaomba aongezewe mchuzi.

Haya yote siku hiyo ya Alhamisi mimi sikuyajua. Hakuna aliyeyajua, isipokuwa mmoja.

Programu ya meseji husoma lebo, ikipanga foleni nani apelekewe nini. Lakini haitumi yenyewe. Lazima mtu aitazame foleni kisha abonyeze. Mtu huyo tunamwita Tuma. Kijana mpole, wa mkataba, na mkataba wenyewe ulikuwa unakaribia kuisha. Ana mke, na mtoto aliyeanza kutambaa ambaye picha yake tumeshaonyeshwa wote, waliotaka na wasiotaka.

Alasiri ileile bosi akatuita ukumbini. Tuma akasimamishwa mbele, jasho linamtiririka. Ukutani wakawasha skrini, wakafungua jedwali la wanachama, safu ya HALI.

"Soma," bosi akasema.

Tuma akasoma. "Mstaafu."

"Wewe asubuhi ulisoma nini?"

Tuma akasogea, akafikicha macho, akasogea tena. "Niliona marehemu, bosi. Naapa niliona marehemu. Hata nilipanda juu nikamuuliza dada, maana niliona wamezidi."

Bosi akamgeukia wifi. "Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia asome lebo."

Kuna mtu nyuma alicheka. Bosi akanyoosha mkono kwenye skrini. "Basi lebo si hii hapa? Au umeandikiwa kwa wino wa kichawi?" Akamwambia Tuma aende nyumbani, Jumatatu uongozi utakaa kuamua habari yake, na sote tulijua uamuzi ni upi. Kisha akasema tumshukuru Bi Maana, aliyeshtuka mapema akaisimamisha foleni, la sivyo tungewazika na waliobaki. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, wifi yangu yule, damu ya nyumbani! Nikamwona ameinamisha uso, nikasema moyoni, tazama unyenyekevu.

Tuma naye alipiga makofi. Halafu akamfuata, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante, dada. Umenipunguzia dhambi."

Siku ile wifi hakula. Ya pili hakula. Baba alikuwa ameipata burudani ya mwaka, kila kitu kimekuwa "cha marehemu": leteni chai ya marehemu, nani amekalia kiti cha marehemu. Tulicheka sote, wifi akawa anaondoka mezani. Kaka akaniuliza chinichini, "Ana mimba?" Nikamwambia wewe ndiye wa kujua.

Jumamosi tulikuwa tunaanika nguo, mimi na yeye. Nilikuwa nasimulia jinsi Tuma alivyofikicha macho mbele ya skrini, namwigiza, nacheka. Wifi akaliachia shuka likaanguka kwenye vumbi, mtu anayekunja mifuko ya plastiki, akaliacha palepale.

"Macho yake mazima," akasema.

"Umejuaje?"

"Iliandikwa marehemu. Mimi ndiye niliyeandika."

Akanieleza yote, herufi kwa herufi, HALI na mirathi na jina lililofanana. Alivyojua kosa dakika ileile meseji ya kwanza ilipozungumzwa. Alivyokaa kwenye kiti chake akairekebisha skripti, akaiendesha tena, lebo zote zikageuka kuwa mstaafu kabla bosi hajateremka ngazi. Mfumo huweka kumbukumbu ya kila badiliko, akasema, lakini nani wa kwenda kuitazama, na mwenye kazi ya kuitazama ni yeye? Skripti yenyewe haikuandika jina lake. Kwenye nafasi ya mhusika iliandika neno moja tu, "mfumo".

"Na alipokuuliza?"

"Sikumtazama hata usoni, wifi. Nilikuwa nimejaa sifa. Nikamwambia, soma lebo, kaka, lebo imewekwa kwa sababu."

Mimi nina mdomo, kila mtu anajua, lakini siku hiyo ulinikauka. Ulipopata maji ukamwaga. "Umemgeuza mtu kipofu ukapigiwa makofi! Kijana wa watu amekushika mkono anakushukuru, na wewe ukaupokea mkono! Una roho ya namna gani?"

"Nilitaka kusema. Nilisimama kabisa. Makofi yakaendelea, nikakaa."

"Makofi yana mlango? Yanakufungia?"

"Wifi, watu wananiita Bi Maana. Nikikosea maana, mimi ni nani pale?" Akafunika uso kwa mikono iliyolowa. "Nimemuua baba. Nikimpa chai nasikia aibu, kama ningeweza ningeipitisha chini ya mlango."

Nikamwambia aibu hiyo hajaiona bado, hapa amevua mtandio tu, nguo zimebaki. Nikamwambia aende leo. Akasema Jumatatu, kabla uongozi haujakaa. Nikasema leo. Akasema Jumatatu, wifi, niachie nikusanye moyo. Nikamwapia kwamba asiposema yeye nitasema mimi, na mimi nikisema natumia kipaza sauti. Lakini usoni nilimwona anaanza kuhesabu njia za kuponea. Mtu mwoga ana hesabu nyingi.

Jumapili mchana mlango ukabishwa. Nikafungua, nikakutana na Tuma, amechomekea shati, usoni ana miwani.

"Hodi dada. Nimekuja kumwona mzee."

Alikuwa anazunguka kwa wazee wanaokaa karibu, mmoja mmoja, kuwaomba radhi kwa kuwaua. Hakutumwa na mtu. Baba akamkaribisha kwa shangwe, apate hadhira mpya ya utani wake. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, muuaji wangu! Kaa, kaa. Kufa kwenyewe hakukuuma, usiwe na wasiwasi."

Tuma akajaribu kucheka. "Mzee, mimi sikulala. Nilikuwa nayo mbele ya macho nikasoma kitu kisichokuwepo. Nimekwenda kupimwa. Daktari ananiambia macho hayana kasoro, sasa ndiyo naogopa zaidi, maana kama si macho basi ni kichwa. Nimenunua hii ya barabarani, angalau nijue nimejitahidi." Akaigusa miwani, ilikuwa imemkaa upande. "Mke wangu ananiuliza kitu nakisoma mara tatu. Hata dawa ya mtoto nampa yeye asome."

Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya chai. Nilimkazia macho. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo. Vikombe vikaanza kugongana juu ya sinia, baba akageuka.

"Mwanangu, mbona? Njoo uweke."

Hakuweka. Akasema, kwa sauti ambayo ningedhani ni ya mtoto, "Baba, si yeye. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyekuua. Alisoma sawasawa. Iliandikwa marehemu, niliandika mimi, kisha nikafuta." Akamgeukia Tuma, na hapo ndipo alipoonekana kama mtu anayetembea juu ya misumari. "Kaka, ulisoma sawasawa. Ulipokuja kuniuliza ulikuwa sahihi, na ukumbini ulikuwa sahihi. Nilijua tangu meseji zilipoanza kufika."

Tuma akamgeukia. "Hata niliponishukuru... hata nilipokushukuru?"

"Hata hapo."

Alikosea maneno, masikini, na hakuna aliyecheka. Akaivua ile miwani. Akaikunja mkono mmoja, akaukunja wa pili, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Kumbe niliona," akasema. Hakusema kwa hasira. Akarudia, kama mtu anayejiambia mwenyewe: "Kumbe niliona."

Wifi analia, sinia bado mkononi. Nikaipokea, maana vikombe ni vya mama. Baba akasema, "Mimi kuniua nimekusamehe, ilikuwa bahati mbaya. Huyu hukumuua kwa bahati mbaya." Wifi akanywea, angeweza angejipenyeza chini ya zulia. Sijawahi kumwona baba akimwambia mkwewe neno zito, na sitaki kuliona tena.

Akamwomba Tuma msamaha. Alimwomba vizuri, bila visingizio, hilo lazima niliseme. Tuma akasimama. "Sijui, dada. Acha kwanza nikamwambie mke wangu." Akamuaga baba, akaniaga mimi. Chai hakuinywa.

Jumatatu wifi aliingia kwa bosi kabla hajavua koti. Akarudi macho yamemtoka. Bosi alimsikiliza, akafunga mlango, akamwambia taratibu: mfumo umeshatengemaa, wazee wameshatulia, mkataba wa kijana ulikuwa unaisha hata hivyo, sasa wewe ujivue nguo kwa faida ya nani? Tazama shetani alivyo na ofisi nzuri! Mlango wa kuponea ule aliokuwa akiutafuta, umefunguliwa wazi na mtu mkubwa.

Nilimwuliza, "Ukamjibuje?"

"Nilimwomba ukumbi."

Akapewa, shingo upande. Tukakaa viti vilevile. Wifi akawasha skrini mwenyewe, akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, akatuonyesha marehemu ilipoandikwa na ilipofutwa, na saa zake. Akasema jina lake kamili, la kwanza na la baba yake, mahali palipoandikwa "mfumo". Sauti ilimkatika mara mbili, akaisubiri irudi, akaendelea. Alipomaliza akabaki amesimama, hajui aende wapi, kwa sababu mtu akimaliza kusema kitu cha namna ile hakuna anayemwambia akae.

Tuma alirudishwa, na mkataba akaongezewa, bosi asingethubutu vinginevyo. Wifi akapewa onyo, na sasa skripti yake haiendi mpaka isomwe na mtu wa pili. Kazini bado yupo. Kaka ameacha ule utani wake wa huna maana. Siku moja ulimponyoka mezani, akaumeza na mchuzi. Wifi chakula anakula. Ila nimemwona anavyopita ukumbini, kando kando ya ukuta, na bado jina la Bi Maana wanamwita, wengine kwa mazoea tu, naye kila akiitwa anashtuka kidogo kabla ya kuitika.

Na Tuma humsalimia. Asije mtu akanitilia maneno mdomoni, kijana yule ana adabu zake, humsalimia kila asubuhi na kumwuliza habari za nyumbani.

Juzi nilikuwa nafunga kaunta twende kula, wifi ameshateremka, amesimama pembeni yangu na mkoba begani. Tuma akaja na karatasi, akaiweka mbele yangu, kidole juu ya neno. "Dada, hivi 'mtegemezi' hapa wanamaanisha mtoto tu, au na mzazi?"

"Mimi na majedwali wapi na wapi?" nikamwambia. "Muulize mwenyewe, si huyu hapa?"

Akamtazama wifi, akatabasamu kwa heshima, kisha akanirudia mimi.

"Nimeshamuuliza."